Siku Moja Katika Kitalu Changu cha Mishubiri ya Asili

Saa 12 asubuhi nilikuwa nimekwisha kufika kitaluni, jua likiwa bado halijachomoza juu ya tambarare za Kajiado. Tuko Agosti, na mvua ya mwisho ya maana ilinyesha mwezi Mei. Nyasi zimekauka, magugu ya kando ya barabara yamepukutika, na kutoka langoni hadi upeo wa macho sikuona maua yaliyochanua ila ya mishubiri yangu na ya kivumbasi kidogo ninachokipanda katikati yake. Niliuchagua mshubiri kwa ajili ya miezi kama hii, wakati nyuki wa eneo zima hawana pengine pa kwenda.

Mshubiri ninaoukuza ni ule ambao wataalamu wa mimea huuita Aloe secundiflora, nao ni mwenyeji wa Kenya, Tanzania na Ethiopia. Majirani zangu Wamaasai huuita osuguroi, na mizizi yake hutumika kuchachusha pombe ya asali. Wengi huuchanganya na Aloe vera, mmea wa maua ya manjano ambao asili yake ni Rasi ya Uarabuni. Huu wetu huchanua maua mekundu yaliyofifia, yenye madoa madogo meupe, na katika kila tawi maua yote huelekea upande mmoja. Hapo ndipo lilipotoka jina la secundiflora.

Saa 1 ndege wadogo waitwao chozi walianza kufika. Husimama juu ya shina la maua, ambalo ni gumu kiasi cha kuwabeba bila kupinda, kisha huingiza mdomo wao mrefu uliopinda ndani ya ua na kunyonya mbochi, na wanapoinuka utaona chavua imewabakia usoni. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kwa muda wa nusu saa nikiwatazama, daftari likiwa magotini, kwa sababu naandika kila asubuhi ni mimea ipi iliyotembelewa. Kazi hii si ya anasa. Mshubiri kwa kawaida hauzai mbegu kwa chavua yake wenyewe; unahitaji chavua ya mmea mwingine usio pacha wake, na anayepanda mmoja tu bustanini atapata maua mazuri lakini hatapata mbegu. Ndiyo maana kila anayenunua kwangu humshauri achukue isiyopungua mitano, iliyotokana na wazazi tofauti, aipande kwa umbali wa mita moja. Hewa ilipopata joto, yapata saa 3, nyuki nao waliingia kwa wingi, na mvumo wao ukasikika hadi barabarani.

Saa 4 nilivuna mbegu. Tunda la mshubiri likikauka hupasuka sehemu tatu, na mbegu zake ni nyepesi, zina mabawa membamba, kwa hiyo upepo wa mchana mmoja unaweza kuzimaliza. Mimi huyavika mashina vifuko vya chandarua mapema, kabla tunda la kwanza halijafunguka. Nilizipanda siku hiyohiyo katika trei zenye mchanga mwingi, changarawe laini na mboji kidogo, nikazifunika kwa tabaka jembamba la mchanga, nikaziweka chini ya wavu wa kivuli. Zitaota baada ya wiki mbili hadi nne, na miche hiyo itanidai subira, kwani maua ya kwanza huja mwaka wa tatu au wa nne.

Katika mwaka wangu wa pili nilipoteza karibu miche yote kwa kuimwagilia kila jioni kama sukuma wiki. Udongo wetu mweusi hushika maji, na mizizi ikaoza kabla majani hayajaonyesha dalili yoyote. Tangu hapo hupanda juu ya matuta yaliyoinuliwa kwa changarawe, humwagilia miche pale tu udongo unapokauka kabisa, na mimea iliyokomaa huiachia mvua.

Saa 8 alikuja mwalimu wa shule ya msingi iliyo jirani, akitaka miche 30 kwa ajili ya bustani ya wanafunzi.

“Mama, mbona tusiing’oe tu kule kilimani? Imejaa tele,” aliniuliza.

“Mwalimu, ile ya kilimani ni chakula cha nyuki wa kilimani,” nilimjibu, “tena sheria hairuhusu.”

Nilimweleza kwamba mwaka 1986 Rais Moi alipiga marufuku uvunaji wa mishubiri ya porini, kwa kuwa biashara ya utomvu wake ilikuwa ikiimaliza, na kwamba kanuni za mwaka 2007 ziliweka utaratibu wa kuikuza na kuivuna mashambani. Mishubiri yote isipokuwa Aloe vera imeorodheshwa pia katika mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Alisikiliza kwa makini, akaondoka na miche yake 30, nami nikamwongezea 2 ya kivumbasi.

Saa 10 nilikagua majani. Mimea miwili ilikuwa na wadudu gamba weupe, nikawasugua kwa mswaki wa zamani uliochovywa katika maji ya sabuni, jani kwa jani, hadi mgongo ukaniuma. Dawa ya kupulizia ingemaliza kazi kwa dakika tano, lakini sumu hiyo ingewafikia nyuki walewale niliowapandia maua, na hilo siwezi kulikubali.

Saa 12 jioni chozi wa mwisho alikwisha kuondoka, na baridi ikaanza kushuka. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani yake mchana na kupoteza maji juani. Mshubiri huvifunga mchana kutwa, ukavifungua usiku ili uvute hewa ukaa wakati hakuna joto la kuukausha. Nilipofunga lango na kuwasha tochi, mishubiri yangu ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kupumua.