Kona ya kozi tano

Jana kijana wa duka la vifaa vya ujenzi alinitazama kama mtu aliyepotea njia. Nilichukua pima maji mpya, ile rula yenye kichupa cha povu cha kuonesha wima na usawa, nikaiegemeza kwenye fremu ya mlango wake, nikasoma, nikaigeuza ubavu, nikasoma tena, nikairudisha na kuomba nyingine. "Mzee, zote zimetoka boksi moja," akasema. Sikubishana naye, ila njia nzima nilikuwa namuwaza yule mwanagenzi wa uashi wa Nala.

Ilikuwa 2018, Dodoma imetoka kutangazwa jiji, na kila ukitupa jicho unaona msingi unachimbwa. Mimi nilikuwa mtathmini, mtu wa kupima kama mwanagenzi ameiva, na siku ya mtathmini haina makuu. Unafika na bodaboda, mgongoni mkoba wenye fomu, tepu, kamera na timazi, yaani uzi wenye kizito chini. Unaanza kwa msimamizi, maana saiti ni yake. Unahakiki kitambulisho cha mwanagenzi na daftari lake la kazi, uone kama kurasa zimesainiwa wiki kwa wiki au zimesainiwa zote jana usiku kwa kalamu moja. (Za kalamu moja utazijua tu, wino wake haujapauka hata kidogo.) Unamweleza kazi, unamuuliza kama ameelewa, unarudi nyuma, unafunga mdomo. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote. Mtathmini haelekezi, hakohoi, hatikisi kichwa.

Kazi yenyewe ilikuwa kona: mikono miwili, kila mmoja urefu wa tofali tatu, kozi tano, yaani mistari mitano ya tofali, kwa tofali la saruji la inchi 6 la kusimamisha. Tofali hilo lina urefu wa milimita 450, kimo 225 na unene 150. Ukiweka kiungo cha milimita 10, kozi tano zinakupeleka juu mita 1.175. Kazi ndogo, lakini mtego wake uko pale konani. Tofali la inchi 6 likipiga kona halikupi mpishano wa nusu kwa nusu. Unene wa mkono mmoja unakula sehemu ya mwingine, na viungo vinapishana kwa milimita 150 tu, yaani theluthi ya tofali. Anayejua hukata kipande mapema ili arudishe nusu. Asiyejua hugundua akiwa kozi ya tatu, anaanza kupanua viungo kwa siri, kimoja 15, kingine 20, akidhani huoni.

Huyu alijua. Alipanga kwanza tofali kavu chini, akaweka alama ya kukata, ndipo akaita udongo, kama mafundi tunavyouita mchanganyiko wa saruji na mchanga.

Kwenye udongo alinifurahisha zaidi. Vipimo vilikuwa moja kwa sita, saruji kwa mchanga. Mfuko wa saruji wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi, kwa hiyo unataka mchanga kama lita 210, ambazo ni toroli tatu za pale saiti, lakini toroli iliyokatwa juu kwa ubao. Saidia wake, kibarua wa kumhudumia, alikuja na toroli zenye vilima. Toroli tatu za vilima si sita tena, zinaweza kufika nane, na ukuta wake ukiupitishia msumari unachimbika. Kijana akachukua ubao, akakata kila toroli. Nikamuuliza, kwa kuwa maswali ya mdomo yanaruhusiwa, mchanga ukiwa mbichi inakuwaje. Akasema mchanga mbichi hujivuna, toroli inajaa haraka kuliko mchanga uliomo, hivyo saruji inakuwa nyingi kuliko ilivyopangwa. Ukuta hauna shida, mwenye hela ndiye mwenye shida. Nikaandika jibu kama alivyolisema.

Alichanganya nusu mfuko tu. Kwa jua na upepo wa Dodoma udongo ukipita saa moja na nusu kwenye karai umeanza kushika, na ukiuongezea maji ili ulainike umeshauharibu. Tofali alizinyunyizia, hakuziloweka. Tofali kavu kabisa hunyonya maji ya udongo kabla saruji haijapata ya kwake. Ukilibandua baada ya dakika chache unakuta udongo umebaki chini kama unga, haujang'ata. Lililolowa chapachapa nalo huteleza, na likija kukauka husinyaa na kufungua nyufa viungoni.

Hadi saa tano na nusu kona ilikuwa imesimama, viungo vimepigwa vizuri, skweya, yaani pembe mraba inayopimwa kwa tatu-nne-tano, imekubali. Nikatoa timazi.

Timazi haina siasa. Niliitundika kwa kijiti cha milimita 50 kwenye kozi ya juu, nikasubiri itulie, nikapima chini: 57. Nikahamia mkono wa pili: 56 na kitu. Fomu yangu iliruhusu tofauti ya 5 kwa urefu ule. Kona ilikuwa imeegemea mbele kwa 7.

Nilimwonesha tepu, sikusema neno. Akaitazama muda mrefu. Hakubisha na wala hakujitetea. Aliifuata pima maji aliyokuwa akiitumia, ya mita 1.2, ile moja ya saiti nzima, akaifuta kingo zote mbili kwa kitambaa na kupitisha kidole kuona kama kuna udongo uliogandia. Akaiegemeza ukutani. Povu katikati kabisa. Msimamizi, aliyekuwa ameshasogea, akaguna kwa ushindi: "Mwalimu, si unaona? Uzi wako huo umepigwa na upepo."

Kijana akaigeuza ubavu. Kingo iliyokuwa inagusa tofali ikaja nje, ya nje ikagusa tofali. Povu likahama, likavuka mstari, likakaa upande.

Akairudisha: katikati. Akaigeuza tena: upande. Akabonyeza kichupa kwa dole gumba, kikacheza kwenye kiota chake. Mafundi wa saiti ile walikuwa wakigongea tofali kwa pima maji, tena karibu wote, na mara moja ilishaanguka kutoka jukwaani. Ukitaka kujua wima halisi kwa pima maji ya namna hiyo, utafute mkao ambao povu linakosea kiasi kilekile pande zote mbili. Ukweli uko katikati ya makosa mawili. Kijana alilieleza hilo mwenyewe, polepole, akimwangalia msimamizi na si mimi.

Sasa ikawa kimya cha aina nyingine, kwa sababu nyuma yetu kulikuwa na ukuta wa vyumba vitatu uliofika lenta, ile boriti ya zege juu ya milango na madirisha. Msimamizi mwenyewe akaomba timazi. Kwa mita 2.7 kona ya kwanza ilitoka milimita 16 nje. Ya pili ilikuwa 15, ila imeegemea ndani. Kila fundi alikuwa ameegemea kwa jinsi mkono wake unavyozoea kushika pima maji. Lipu ya kawaida, yaani plasta ya ukutani, ni milimita 12 hadi 15. Ukitaka kuficha 16 nyingine unapiga lipu ya milimita 30, na hiyo huwezi kuipiga mkono mmoja, itashuka kwa uzito wake. Unapiga ya kwanza, unaikwaruza, unaiacha ikauke, unapiga ya pili. Hesabu saruji yake kwa vyumba vitatu.

Nikakaa kwenye tofali na fomu. "Husimamisha ukuta wima ndani ya kiwango": hapana, 57 ni 57. "Hutambua kosa na chanzo chake": ndiyo, tena kuliko wengi wenye cheti. "Hukagua zana kabla ya kuanza": alikagua mwiko, kamba na karai, pima maji aliifuta, hakuigeuza. Wima ni kipengele cha lazima, na kimoja cha lazima kikikosekana sehemu nzima inaandikwa "bado" badala ya "mahiri". Nikaandika bado, nikamsomea, akasaini, msimamizi akasaini mwisho bila kunitazama.

"Mwalimu, ningegeuza kabla, si wangeniambia napoteza muda?" kijana akaniuliza. Nikamwambia huenda. Baadaye alirudia kona ile kwa timazi aliyoitengeneza kwa nati na uzi, akapita bila shida, na sasa ni fundi anayeitwa hadi Singida.

Wenzangu niliosoma nao kozi ya utathmini tunabishana kuhusu fomu ile mpaka leo. Mmoja anasema angempa "mahiri" palepale, kwani fundi ni yule anayejua ukuta wake una nini. Mwingine anasema mimi nilikuwa laini mno, kwamba kwa kumwonesha tepu tu nilikuwa nimeshamwelekeza.