Bundi wa jana jioni
Jana jioni nilimwona bundi, yule mwenye uso mweupe wa umbo la moyo, akitoka kwenye ghala kuukuu muda mfupi baada ya jua kuzama. Nilikuwa nimekaa mbali, nimeegemea mti, darubini mkononi, simu nimezima. Akapita chini chini juu ya majani bila sauti hata kidogo! Manyoya ya mbele ya mabawa yake yana ukingo kama meno ya kitana, ndiyo yanayopunguza mvumo wa hewa. Na masikio yake hayako usawa mmoja, ndiyo maana anaweza kumpata panya gizani kwa kusikia tu.

Nawaombeni sana mnaopenda ndege, msimchezee sauti za bundi zilizorekodiwa. Atadhani mpinzani kavamia eneo lake, aache kuwinda huku makinda yana njaa. Tochi na flashi usoni, hapana kabisa. Mkimkuta amelala mchana, tazameni macho: akiyafumbua na kuwakodolea, akajinyoosha akawa mwembamba, au akagongesha mdomo, mmeshasogea mno, rudini nyuma taratibu. Akilazimika kuruka mchana, ndege wengine humzonga, hasa kunguru.

Nikimkosa, hutosheka na vidonge anavyotapika chini ya mahali anapotua, vimejaa manyoya na vifupa vya panya (huviokota akiwa hayupo, na kamwe si wakati wa kulea). Picha nitaiweka, ila msiniulize ni wapi. Kiota kikijulikana, watu hujaa.