Siku moja kwenye meza ya fundi: kompyuta imeanguka, haiwaki

Saa 2:15 asubuhi. Kompyuta ya kwanza imeingia kabla duka halijafagiliwa. "Fundi, CPU imekufa." Hapa Kariakoo CPU ni kasha zima, si prosesa (chipu inayofanya hesabu za kompyuta), na mteja hana haja ya kusahihishwa. Mama ana steshenari. Mtu alijikwaa kwenye waya, kasha likatoka mezani hadi sakafuni. Maswali ni matatu. Ilikuwa inawaka ilipoanguka? Umejaribu kuiwasha mara ngapi tangu hapo? Ndani kuna kazi ambayo haipo kwingine? Anajibu: ilikuwa inawaka, amejaribu mara tano au sita, na humo mna mitihani ya shule pamoja na daftari la madeni.

Jibu la kwanza ndilo zito. Hadi diski (hard disk) ya aina hii, inayotunza kazi hizo, inazunguka mara 7,200 kwa dakika, na vichwa vyake vya kusomea vinaelea juu ya sahani zenye data kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele. Ikiwa imezimwa, vichwa vimeegeshwa pembeni. Ikigongwa inazunguka, kichwa kinaweza kukwaruza sahani, na kila unapoiwasha tena mkwaruzo unakua. Kwa hiyo diski inashughulikiwa kwanza, kasha baadaye.

Saa 2:40. Waya wa umeme nje, kisha kitufe cha kuwashia kinabonyezwa sekunde 10 ili chaji iliyobaki iishe. Naliinamisha kasha polepole huku na huku, sikio karibu. Kuna kitu kinaviringika, kisha kinanyamaza. Nakagua pia swichi ndogo nyekundu nyuma ya pawa saplai (boksi linalogawa umeme ndani ya kasha), kwa zile zilizo nayo: lazima isomeke 230. Ikisukumwa ikakaa 115, umeme wetu utaiua papo hapo.

Mfuniko unafunguka kwa skrubu mbili. Napiga picha kwa simu kabla ya kugusa waya wowote, halafu nahesabu skrubu. Hadi diski ya inchi 3.5 inashikwa na skrubu nne. Hapa zipo tatu.

Saa 3:20. Diski imehamia kwenye kompyuta ya duka inayotumia Linux, mfumo mwingine badala ya Windows. Inazunguka bila kugonga "tik-tik", na hiyo ni nafuu kubwa. Ingekuwa inagonga ningeizima hapohapo na kumpeleka mama kwa wataalamu wa kuokoa data. Ripoti ya SMART, yaani diski kujipima afya yenyewe, inaonyesha sekta (vipande vidogo vya diski) 16 zinazosubiri kuhamishwa. Chache, lakini baada ya kuanguka sitaki kuiamini tena. Nampigia simu, anakubali SSD mpya, diski isiyo na kitu kinachozunguka.

Hapa wengi wanateleza: diski ya zamani ni GB 500, wananunua SSD ya GB 480, nakala inafika mwisho na haienei. Chukua ya GB 512. Nakala inafanywa na programu ya ddrescue, si kwa kuburuta mafaili, kwa sababu yenyewe inaruka sehemu mbovu, inavuna nzima kwanza, kisha inarudi kwenye zile ngumu. Iwekee faili la ramani, linalokumbuka sehemu zilizokwisha kunakiliwa. Umeme ukikatika katikati, inaendelea pale ilipoishia. Kwa kasi ya MB 100 kwa sekunde, GB 500 ni kama saa moja na nusu. Naiacha ifanye kazi.

Saa 4:00. Kwenye kasha sasa. Mama alisema feni inazunguka nusu raundi, kisha kimya. Dalili hiyo mara nyingi ni shoti: pawa saplai imeiona, ikajizima ili kujilinda. Madabodi, bodi kuu inayobeba prosesa, inakaa juu ya vimguu vya shaba, takribani milimita 6 kutoka kwenye bati, na nafasi hiyo inatosha skrubu kuingia. Nikimulika tochi kutoka pembeni, naiona: skrubu ya nne ya diski imejibana kati ya bati na ncha za solda. Haitolewi kwa kutikisa. Madabodi inafunguliwa, inainuliwa, skrubu inatoka, na chini yake natafuta alama nyeusi ya kuungua. Hamna.

Hitisinki, kipoza joto cha prosesa, nayo imelegea. Ni ile ya vibano vinne vya plastiki vya kusukuma, na viwili vimechomoka. Ukiwasha hivi, prosesa inapanda joto kwa sekunde chache na mashine inazima. Wengi huishia kununua pawa saplai bila sababu. Naitoa, nafuta pasti kavu ya kupitisha joto kwa spiriti, naweka mpya kiasi cha punje ya mchele, nabana vibano kimoja kimoja kwa mshazari hadi kila kimoja kilie "ta".

Saa 5:10. Pawa saplai peke yake. Plagi ya pini 24 inachomolewa, waya wa kijani unaunganishwa na mweusi ili iwake bila madabodi, ndipo umeme unawashwa. Multimita: njano volti 12.1 (ruhusa 11.4 hadi 12.6), nyekundu 5.05, chungwa 3.31. Nzima. Mashine nyingi za ofisini zina plagi za kiwanda chao, zisizo na pini 24. Kwa hizo usibahatishe rangi. Na boksi lenyewe la pawa saplai usilifungue, kapasita zake zinashika volti zaidi ya 300 hata ukishachomoa.

Saa 6:00. Najaribu kwa vitu vichache tu: madabodi, prosesa, RAM moja (kadi ya kumbukumbu ya muda). Feni zinazunguka, skrini nyeusi, mlio unarudiarudia: naishuku RAM. RAM inatoka, meno yake ya dhahabu yanasuguliwa kwa kifutio cheupe, inarudi kwenye nafasi hadi kishikio kibane. Picha hiyo. RAM ya pili nayo inakubali.

Saa 7:00. Wali maharage. Nakala imemalizika, sekta mbili tu zimekataa kusomeka.

Saa 7:40. SSD ndani, Windows inatoa skrini ya bluu. Usikimbilie kuinstoli upya. Tarehe kwenye BIOS, programu ya madabodi inayoanza kabla ya Windows, imerudi miaka nyuma: betri ya CR2032 ilichomoka kwenye kikombe chake, mipangilio yote ikapotea, na SATA, njia ya kuunganisha diski, imehama kutoka mpangilio wa AHCI kwenda RAID. Nairudisha AHCI, naweka betri mpya ya volti 3, narekebisha saa. Tarehe ikibaki mbovu, hata tovuti za benki zitakataa kufunguka.

Saa 9:30. Dakika 40 za kazi nzito, prosesa inasimama nyuzi 64. Mitihani inafunguka, daftari la madeni pia.

Saa 11:15 jioni. Mama anaondoka na bajaji, si bodaboda. Kasha limelazwa, upande wa madabodi ukiwa chini, ili uzito wa hitisinki ukandamize badala ya kuning'inia. Diski ya zamani ameibeba kwenye mfuko wake, imeandikwa kwa kalamu nene: ISITUMIKE.