Dada yangu hatumi meseji

Jumapili usiku, Nyegezi, Mwanza

Dada yangu hatumi meseji, anatuma sauti. Leo ametuma tano. Ya kwanza, dagaa wamepanda bei soko la Mwaloni. Ya pili, nimpigie mama, analalamika magoti. Ya tatu hadi ya tano ni habari za mjukuu wake aliyeota jino. Nyuma ya sauti yake mafuta yanachemka kwenye karai, hata asiposema najua yuko jikoni kwake Igogo. Wengi kwenye ukoo wanadhani ni mazoea tu, kwamba hapendi kuandika. Mimi najua sababu, na sababu yenyewe inanihusu.

Mpwa wangu, mwanawe wa pili, amemaliza chuo huu mwaka wa tatu na ajira hakuna. Anaendesha bodaboda ya mtu. Juzi kaniuliza, "Mjomba, enzi zenu hali ilikuwa afadhali?" Nikamjibu juu juu, nikashuka kwenye pikipiki. Jibu lenyewe limenikaa kifuani tangu siku hiyo.

Baba alipunguzwa kazini 1994. Alikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha nguo. Usukuma wote ulikuwa unalima pamba na sisi watoto wa mjini tulikuwa tunaishi kwa uzi wake. Kisha spea zikawa hazipatikani, mitumba ikajaa sokoni, na mashirika ya umma yakaanza kubinafsishwa moja baada ya jingine chini ya tume ya rais iliyoundwa 1992. Kiinua mgongo chake kilikuja vipande vipande. Akanunua nyavu kwa ubia na rafiki yake, wakaenda visiwani Ukerewe. Haikufika mwaka akarudi mikono mitupu. Viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vinafunguliwa pale pale Mwanza miaka hiyo hiyo, lakini langoni walichukua vijana, na baba alikuwa na mvi.

Hilo peke yake tungelibeba. Watu wanapoteza kazi, wanajikongoja, wanasimama tena. Kilichotuvunja ni kwamba hospitali za serikali zilikuwa zimeanza kutoza mwaka mmoja kabla, 1993. Tangu baada ya Azimio la Arusha mgonjwa alikuwa anatibiwa bure. Sasa ikaitwa kuchangia huduma. Ada ya shule ya msingi nayo ilishafutwa miaka ya sabini, ikarudi miaka ya themanini, na juu yake michango ya dawati, ya mlinzi, ya mitihani. Mshahara ulipokuwepo tuliilipa bila kuisikia. Mshahara ulipokatika, kila kitu kilikuwa na bei.

Najua nchi ilikuwa imebanwa. Vita vya Kagera, bei ya mafuta, mazao yetu kuuzwa kwa bei ya kutupa nje, kisha makubaliano ya 1986 na Shirika la Fedha la Kimataifa na masharti yake. Sisemi hazina ilikuwa imejaa, watu wakaifungia tu. Ninachokiuliza ni kwa nini mtu yule yule achukuliwe mshahara na mkono mmoja, na mkono wa pili umdai hela ya sindano. Mahali fulani kuna karatasi ilionyesha kwamba serikali imeokoa kiasi fulani. Mimi niliona kile kiasi kilikokwenda. Kilihamia kwenye mkeka wa mama.

Jioni, baada ya kula, mama alikuwa anatandika mkeka uani, koroboi pembeni, anamwaga sarafu na noti zilizokunjwa kutoka kwenye pindo la khanga. Anatenga mafungu. Fungu la kodi ya chumba, la unga, la mafuta ya taa, na la mwisho lilikuwa hela ya UPE, ndivyo tulivyoiita ada ya shule. Anayatazama. Kisha anachukua sarafu kwenye hela ya UPE anaongeza kwenye unga. Anatazama tena, anarudisha moja. Hakuwa anasema kitu. Sisi tulijifanya tumelala.

Mdogo wetu wa mwisho alipata homa kali akiwa na miaka 6. Watoto wa chini ya miaka 5 walikuwa na msamaha, yeye alikuwa ameshavuka. Mama alimpa mwarobaini siku mbili, ya tatu akanunua klorokwini nusu dozi duka la dawa, kwa sababu nusu ndiyo aliyoweza. Kulikuwa na msamaha pia kwa asiye na uwezo, ukiwa na barua kutoka ofisi ya mtaa. Baba hakwenda kuomba ile barua. Zamani nilimlaumu. Siku hizi nafikiria mtu aliyekuwa anaondoka alfajiri na ovaroli iliyopigwa pasi, asimame mbele ya majirani zake aandikiwe kwamba hana kitu. Mdogo wetu alipona. Mtoto wa chumba cha pili, homa ile ile, masika yale yale, hakupona.

Mama ndipo akaanza mapanki. Asiyekulia Mwanza huenda hajui: ni mifupa ya sangara baada ya minofu kunyofolewa, kichwa, mbavu na mkia. Minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, mapanki yanabaki kwetu. Unayachukua kwa beseni, unayaanika juani, unayakaanga kwenye mafuta ambayo yameshakaanga mengine mengi. Harufu inaingia kwenye nywele na haitoki kwa sabuni. Kazi ile ilihitaji mikono minne. Mama alikuwa na miwili.

Dada alikuwa darasa la nne, mimi la pili. Jumatatu moja hakuvaa sare. Nilidhani anaumwa.

Ada ilifutwa tena 2002, ulipoanza MMEM, mpango wa serikali wa maendeleo ya elimu ya msingi. Madarasa yakafurika, watoto wakakaa chini sakafuni, na ilikuwa furaha kubwa. Waliokuwa wameikosa shule waliundiwa MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa waliokosa, kwa vijana hadi miaka 18. Dada alikuwa na 19, na mtoto mgongoni.

Jumatano

Nilikwenda Igogo jioni. Nilimkuta anageuza sato, nikakaa kwenye kigoda. Nikamuuliza lile ambalo sijawahi kumuuliza: ni nani aliyesema aache shule, baba au mama?

Akanitazama kama nimeuliza jambo la ajabu.

"Hakuna aliyesema. Nilikuwa macho, nikamwona mama anahesabu. Hela ya UPE ilikuwa ya mmoja."

Akatoa samaki, akachuja mafuta, akaweka mwingine.

"Wewe ulikuwa bado hujajua kusoma, baba. Mimi nilikuwa nimeshajua kidogo. Nikaona changu kitanitosha."

Sikuwa na neno. Akanifungia samaki wawili kwenye gazeti, mmoja wa kwangu na mmoja wa mama. Nilipofika Mkuyuni simu ikalia, sauti ya sekunde 9: nisimpe mama kichwa, ana mifupa midogo, na nimwambie magoti ayakande na maji ya moto.