Nilivyomthibitishia baba mkwe kwamba mimi si rika lake

Nilianza kuota mvi nikiwa kidato cha tatu. Kufika miaka 22 pembeni kote kulikuwa kumeshakuwa kweupe, na kipara kimeshaingia utosini. Kwa upande wa baba wanaume wote tuko hivyo. Ongeza na kazi yenyewe: nachomelea mageti na madirisha Nyakato, hapa Mwanza, juani na kwenye moshi kuanzia asubuhi. Leo nina miaka 29. Anayeniona mara ya kwanza ananipa 50, na anayenipunguzia sana ananipa 45.

Naandika kwa sababu Desemba iliyopita nimeoa, na nilikuwa karibu kumkosa mke wangu kwa sababu ya kichwa hiki. Naandika pia kwa sababu ushauri niliopewa njiani karibu wote ulikuwa mbaya, na mmoja ulinipeleka hospitali.

Nianze na shikamoo, maana huko ndiko maumivu yanakoanzia. Mtoto wa shule akiniamkia sina neno. Lakini mama mwenye wajukuu anapanda daladala, ananikuta nimekaa, anainamisha kichwa: "Shikamoo baba." Utajibu nini? Ukisema marahaba umemkosea adabu mtu anayeweza kukuzaa. Ukikataa, gari zima linageuka kukutazama, unaanza kueleza umri wako kwa watu ambao hawajakuuliza. Zamani nilikuwa naitikia tu ili yaishe. Jirani na karakana yetu kuna fundi baiskeli aliyekuwa akiniamkia kila asubuhi. Naitikia marahaba, napita. Siku moja akaambiwa na mtu kwamba mimi ni wa 1996. Yeye mwanawe wa kwanza ni wa 1993. Akaacha kabisa kunisalimia. Nilimfuata, nikachuchumaa pale alipokuwa anaziba pancha, nikamwomba radhi. Alinisamehe, ila aliniambia maneno mawili ambayo sijayasahau: "Ulikuwa unajua." Ni kweli, nilikuwa najua.

Tangu siku hiyo shikamoo naiwahi mimi. Mtu yeyote ninayemkadiria miaka 35 kwenda juu, hajafungua mdomo nimeshamwamkia, tena kwa sauti: "Shikamoo kaka, mimi mdogo wako." Hilo neno "mdogo wako" ndilo linalofanya kazi. Mtu anakutazama mara mbili, anacheka kidogo, anaitikia, na kuanzia hapo anakuita kijana. Wenye mvi za mapema wenzangu, lishikeni hilo.

Sasa mambo ya uchumba. Mwenzangu tulifahamiana dukani anakouza rangi na nondo, nami nilikuwa mteja wa kila wiki. Yeye umri wangu haukuwahi kumsumbua. Alishamsikia mama yangu kwenye simu akinigombeza kama mtoto, akaelewa. Wazazi wake ni Wahaya wa Bukoba waliohamia Mwanza siku nyingi. Tulipopanga niende kujitambulisha, mwezi wa tatu mwaka jana, kila rafiki yangu alikuwa na dawa ya kichwa changu. Aliyenishinda kwa maneno ni kinyozi wangu. Akasema paka piko, ukienda pale unaonekana wa 25.

Niliwahi kupaka mara moja, miaka kama miwili nyuma, kwenye harusi ya rafiki, na haikunifanya kitu. Ndiyo maana sikuwa na wasiwasi. Nilinunua pakiti dukani kwa elfu mbili na ushee, nikakoroga kwenye kifuniko cha ndoo, nikapaka kichwa, ndevu mpaka nyusi. Ilikuwa Alhamisi usiku, safari ni Jumapili. Kabla sijalala nikaanza kusikia kuwashwa nyuma ya masikio, kama nimepitiwa na upupu. Nikasema itatulia. Alfajiri niliamka nikidhani bado ni usiku, kumbe macho hayafunguki. Nilijipapasa: paji la uso limevimba limekuja mbele, masikio manene, na kichwani kunatoka maji yanayonata kwenye mto. Mdogo wangu alinishika mkono kama kipofu mpaka kwenye bodaboda.

Daktari aliyenipokea alikuwa mtu mwema sana. Alinieleza kwamba nyingi ya hizi rangi nyeusi zina kemikali inaitwa PPD, na kwamba mwili unaweza kuipokea mara ya kwanza kimyakimya, ukawa umeshaikataa, halafu mara ya pili ndiyo unalipuka. Akasema ningepaka tone nyuma ya sikio nikasubiri saa 48, ningejua mapema. Nilimwomba pia anipime nisije nikawa na ugonjwa unaoleta mvi. Damu ilikuwa nzuri, tezi ya shingo iko sawa. "Hii ni ya ukoo wenu," akasema, "usihangaike nayo." Sindano, vidonge, na onyo nisiguse tena rangi hiyo maisha yangu yote. Sitaigusa.

Ningeahirisha safari. Lakini baba mdogo, aliyekuwa mshenga wangu, akasema barua ilishapelekwa, watu wameshachinja, haiahirishwi. Nikanyoa kipara chote. Jumapili nikaenda na uso uliopungua kuvimba ila ngozi inabanduka, mifuko chini ya macho, na suti ya kijivu. Naye baba mdogo ana miaka 41, mwembamba, nywele zote nyeusi.

Tulipoingia, mama wa binti alimpokea baba mdogo kwa mikono miwili na kumtazama usoni kwa muda, jinsi mama anavyomtazama mkwe. Mjomba wa binti, mtu wa miaka 45 hivi, akanijia mimi: "Shikamoo mzee." Safari hiyo nilichelewa, alishaniwahi. Kikaletwa kikapu cha kahawa za kutafuna, vile vikapu vidogo vya kwao vyenye mfuniko, na anayepewa kwanza ni mkubwa. Kikaja kwangu. Nikachukua punje tatu, mkono unatetemeka, kwa sababu nilikuwa nimeshaelewa kinachoendelea na sikujua nikisimamishe vipi. Halafu baba wa binti akanigeukia kwa heshima kabisa: "Mzee mwenzangu, huyu kijana wako anafanya kazi gani?"

Baba mdogo akajikohoza, akasema, "Samahani mzee, kijana ndiye huyu."

Hakuna aliyesema neno. Nilisikia jiko la mkaa linavyolia uani. Mzee akauliza umri wangu, nikamwambia 28. Nikatoa kitambulisho cha taifa, kimeandikwa 1996. Akakigeuza, akakirudisha juu ya meza bila kukitazama mara ya pili. "Karatasi huandikwa na mtu," akasema. "Nimeona wachezaji mpira wanaozaliwa mara mbili." Akasema mtu wa rika lake hamuozeshi binti yake, na mtu wa miaka 50 hakosi nyumba nyingine mahali. Akainuka, akaenda uani. Chakula tulikila bila yeye.

Sikumchukia, na nilipoelezwa undani wake nilimwelewa zaidi. Binti yake wa kwanza aliolewa na mtu aliyejitaja ana miaka 38. Ndoa haijafika mwaka, akatokea mke na watoto watano kutoka Shinyanga. Baba yeyote aliyeumwa hivyo mara moja ana haki ya kuogopa kichwa cheupe.

Baada ya hapo ushauri ukaja kama mvua. Nenda kwa wakili ukale kiapo cha umri. Mpe mzee ng'ombe wawili wa ziada. Mtoroshe binti, akizaa watakubali. Huyu wa mwisho nilimwambia asirudi kwenye karakana yangu na maneno hayo. Unamthibitishiaje mtu kwamba wewe ni mkweli kwa kumwibia mtoto?

Jibu lilitoka kwa mwenzangu, kwenye simu, sauti imekauka kwa kulia. "Usilete karatasi tena. Lete watu."

Nilikaa na hilo neno wiki nzima. Karatasi mzee ameshaikataa, lakini mtu ana watu aliokua nao, na ana watu waliokuwepo siku anazaliwa. Hao hakuna ofisi inayowaandika. Nikawatafuta watoto niliomaliza nao darasa la saba mwaka 2010. Wengi wametawanyika. Nikawapata watatu: mmoja dereva wa bodaboda, mmoja mwalimu, mmoja dada anayeuza duka la dawa. Wote nyuso bado za ujana. Niliwaambia waje na vitu vya shule kama wanavyo, na yule dada akaja na picha ya darasa, mimi nimesimama mstari wa mbele nimeshika kibao cha jina la shule, magoti yana vumbi. Halafu nikaenda Igoma kumwomba bibi yangu, mama yake mama. Magoti yanamsumbua, na safari za watu hazipendi. Nilipomweleza kisa alisema tu, "Nitafutie gari lisiloruka." Teksi kwenda na kurudi ilinila kama elfu hamsini, na hiyo ndiyo fedha niliyoitumia vizuri kuliko zote kwenye ndoa hii.

Mwezi wa sita tukarudi. Safari hii sikuvaa suti. Ndevu nilinyoa zote, kwa sababu ndevu nyeupe zinaongeza miaka kuliko nywele, ila kichwa nilikiacha kama kilivyo. Wenzangu walieleza walichoeleza, picha ikazunguka, mzee akaitazama akiwa ameivuta karibu na macho. Hakusema kitu. Ndipo bibi akaomba nafasi.

Hakutaja umri wangu hata mara moja. Alianza na meli. "Nyie ni watu wa Bukoba," akasema, "hamtanidanganya wala sitawadanganya kwa jambo hili. Huyu mama yake alishikwa na uchungu siku ya tatu tangu MV Bukoba izame."

Asiyekuwa wa huku Ziwa huenda asielewe maneno hayo yalivyotua. Meli ilizama Jumanne, tarehe 21 Mei 1996, ikitoka Bukoba, imebakiza kidogo kuingia Mwanza. Walikufa watu zaidi ya 800. Rais Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo. Wengi wamezikwa Igoma, na makaburi yao yapo mpaka leo. Bibi alikuwa anakaa huko huko.

Akaeleza jinsi walivyokosa gari la kumpeleka mama hospitali, kwa kuwa kila gari lilikuwa kwenye shughuli ya maiti, ikabidi aitwe jirani aliyekuwa muuguzi mstaafu. Akaeleza kanga aliyonipokelea. Nyumba ya pili kulikuwa kumetandikwa majamvi ya msiba, walikuwa wanasubiri mwili wa mtoto wao wa kiume. Nilipotoka na kulia, bibi alifungua mdomo apige kigelegele, na yule muuguzi akamziba kwa kiganja. "Akaniambia, mama, wiki hii hapana. Nikakimeza. Huyu mtoto alipokelewa kimya, kwa ajili ya watu wenu. Mimi nimehesabu miaka yake kwa meli hiyo. Kila mwaka wakisoma misa ya meli, namwongezea mmoja."

Mzee alikuwa ameinama. Kisha akamuuliza bibi swali moja tu, ile nyumba ya pili ilikuwa ya nani. Bibi akaitaja. Mzee akamtazama mkewe. Sikujua wakati ule: kwenye meli ile alikuwamo shemeji yake, mke wa kaka yake mkubwa, na walipokuja Mwanza kumtafuta, siku zile za kukagua maiti, walilala Igoma kwa Mhaya mwenzao aliyekuwa naye ana msiba. Ilikuwa nyumba hiyo hiyo.

Alinyanyuka, akaja mpaka nilipokaa, nami nikasimama. Akanishika kichwani, juu ya mvi zenyewe, kama mtu anayempima mtoto homa. "Basi wewe ni mdogo," akasema.

Mama mkwe ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza. Bibi akafuatia, akapiga kile chake cha 1996, na mashangazi wakadakia kutoka jikoni bila kujua bado kuna nini. Mwenzangu nilimsikia analia nyuma ya mlango. Kikapu cha kahawa kikaletwa tena. Kikaanzia kwa bibi, kikaenda kwa mzee, kwa baba mdogo, kwa mjomba, kikapita kwa wale wenzangu watatu, kikanifikia mimi wa mwisho na punje mbili zimebaki. Sijawahi kula kahawa tamu kama zile.

Mahari na mengine yalikwenda kama yanavyokwenda kwa kila mtu.

Bado naamkiwa na watu wazima. Kwenye harusi yenyewe wageni waliotoka Bukoba walikuwa wanampa mkono mtu mwingine, wakipita mbele yangu wananiambia shikamoo. Lakini sasa sijielezi tena, baba mkwe yupo. Akimwona mtu ananiinamia, hata akiwa mbali, anamwita: "Muache huyo, huyo ni mtoto wa mwaka wa meli."