Raundi ya mwisho ipo kwenye sinema tu

Juzi usiku nilirudia kutazama Casino Royale, ile filamu ya jasusi James Bond ya 2006, na kama kawaida nikajikuta nimesogea ukingoni mwa kiti ilipofika raundi ya mwisho ya poka, ule mchezo wa karata wa kamari. Wamebaki wanne, wote wameweka kila walicho nacho, na fungu lililo katikati ya meza limepita dola milioni 100. Wa kwanza anafunua karata nzuri. Wa pili anafunua nzuri zaidi. Adui mwenyewe anafunua zinazowapita wote wawili, tena kwa maringo. Kisha James Bond, bila haraka, analaza mezani shupaza mbili, ya tano na ya saba, na habari imekwisha. Anamwachia mchezeshaji bakshishi ya nusu milioni, anainuka, anakwenda kula chakula cha usiku na mwanamke mrembo.

Mimi si mtu wa kamari, lakini sehemu hiyo naipenda. Ajuaye poka atakwambia kwamba watu wanne kushika karata nzito namna hiyo kwa mpigo mmoja ni jambo ambalo mchezaji anaweza kuzeeka bila kuliona. Sijali. Kilichonikaa kichwani safari hii ni kule kuinuka. Anacheza, anashinda, anaondoka. Nikaanza kuzikumbuka filamu za kasino nilizowahi kutazama, na karibu zote zina kitu hicho: kuna raundi ya mwisho, kuna karata moja ambayo ikishafunuliwa, watu wanachukua makoti yao na kwenda.

Nimeishi karibu na mcheza kamari kwa miaka. Sijawahi kuiona hiyo raundi.

Lakini nisikimbilie huko. Kwa nini kasino inatuvuta hivi, hata sisi tusiocheza? Nadhani ni kasi ya hukumu. Maisha ya kawaida humpima mtu polepole na chinichini. Mwajiri anakuangalia miaka kadhaa ndipo useme umeaminiwa, na mara nyingi huambiwi kitu. Mezani unajibiwa papo hapo, mbele za watu. Mlangoni hakuna anayeuliza wewe mtoto wa nani wala umesoma wapi. Ukiwa na dau, unavutiwa kiti. Kwa mtengeneza filamu hiyo ni mali ya bure, kwa sababu ujasiri wa mtu, kiburi chake na tamaa yake vinaonekana kwa namna anavyoshika karata mbili tu. Halafu kuna zile taa, suti, sauti ya vibao vya plastiki vikigongana. Vibao hivyo nao ni ujanja wa aina yake. Ukishabadilisha fedha kuwa vibao, unavisukuma mbele kwa wepesi ambao usingekuwa nao kama ungekuwa unahesabu noti.

Na sinema yenyewe inaujua ukweli, ila inausemea pembeni. Katika Ocean's Eleven ya 2001, watu kumi na mmoja wanaotaka kuondoka Las Vegas na mamilioni ya kasino hawakai mezani kucheza. Wanaiba. Hao ndio waliopiga hesabu vizuri.

Hesabu zenyewe wala hazifichwi. Gurudumu la ruleti la Ulaya lina vyumba 37, kuanzia sifuri hadi 36. Ukiweka dau kwenye namba moja na mpira ukaingia hapo, unarudishiwa dau lako na kulipwa mara 35 yake. Malipo ya haki yangekuwa mara 36. Tofauti hiyo ya moja ndiyo inayonunua mazulia na taa: asilimia 2.7 ya kila dau. Gurudumu la Marekani lina sifuri mbili, vyumba 38, na fungu la kasino linapanda hadi asilimia 5.26. Mtu akisikia 2.7 anaona ni ada ndogo ya burudani. Ingekuwa hivyo kama ingekatwa mara moja mlangoni. Inakatwa kwenye kila dau, na fedha ileile huwekwa tena na tena. Aliyeingia na 100 akawa anaweka 10 kila mzunguko, baada ya mizunguko 40 ameshaweka 400, na kwa wastani ameacha pale karibu 11. Akikesha, basi. Ndiyo maana kasino haina haja ya kumdhulumu mtu wala kuchezea gurudumu. Inachohitaji ni usiondoke. Huyo anayeinuka na kwenda kula chakula cha usiku ndiye mteja mbaya.

Sasa binamu yangu. Alianza na mikeka ya mpira kama vijana wengi, akahamia kwenye sloti za simu, ile kamari ya picha zinazozunguka, na huko ndiko alikonasa. Jioni moja nilikaa naye kwenye kochi akiwa anacheza. Nilitegemea jasho, macho yaliyotoka, miguu isiyotulia. Sikuona hata kimoja. Uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu anayeanza kusinzia, kidole gumba kikigusa kioo palepale, kikipumzika kidogo, kikigusa tena. Picha zinazunguka: kengele, kengele, na kengele ya tatu inafika kwenye mstari, inaupita kidogo, inasimama. Anatoa pumzi puani, anagusa tena. Mara simu ikapiga vigelegele na nyota zikamiminika kwenye kioo. Ameshinda 4. Dau lilikuwa 10.

Nikamwambia, "Lakini hapo si umeliwa sita?"

"Najua, kaka," akajibu bila kuinua macho.

Baadaye ikaja kubwa kweli, mara thelathini ya dau au zaidi. Aliyeruka kwenye kochi ni mimi. Yeye aliongeza dau na kuendelea. Kwake ule ushindi haukuwa fedha, ulikuwa muda zaidi wa kucheza. Nilikwenda kulala yeye bado yuko pale.

Mwanaanthropolojia Natasha Dow Schüll alizungumza kwa miaka mingi na wachezaji wa mashine huko Las Vegas, na mwaka 2012 akatoa kitabu kuwahusu. Nilipokisoma nilimkuta binamu yangu ndani. Watu walimweleza kwamba hawachezi ili washinde. Wanacheza ili waendelee kucheza, wabaki katika ile hali ambayo madeni, ndoa, kazi, hata njaa, havisikiki. Ushindi mkubwa unaweza hata kuwakera kwa sababu unaukatiza mchezo. Filamu gani itaonyesha hilo? Mtu amekaa, hafurahi, hahuzuniki, anabonyeza. Hakuna mtazamaji atakayelipa kiingilio.

Ile kengele iliyopita mstari kidogo si jambo dogo pia. Mwaka 2009 Luke Clark na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge walipima bongo za watu waliokuwa wakicheza mashine ya namna hiyo. Kukosa chupuchupu kuliwaudhi wachezaji, lakini kuliwaongezea hamu ya kuendelea, na kuliamsha baadhi ya sehemu zilezile za ubongo zinazoamshwa na ushindi. Yaani umeliwa, na ndani ya kichwa kuna kitu kinasema umekaribia. Wenye mikeka wanalijua hili bila kupimwa: mkeka uliochanika kwa timu moja tu unauma kuliko uliochanika wote, na ndio unaokufanya uandike mwingine usiku uleule.

Nyimbo nazo zina kesi ya kujibu. Mwaka 1891 Mwingereza Charles Wells alikwenda kwenye kasino ya Monte Carlo, huko Monaco, na kuzifilisi meza za ruleti mara kadhaa. Hapo ilikuwa desturi kwamba fedha za meza zikiisha, meza hufunikwa kitambaa cheusi mpaka zije nyingine. Maigizo matupu, na tangazo zuri kuliko yote, maana kila anayesikia habari hiyo anapanga safari. Wells akawa maarufu mpaka ukaimbwa wimbo wa mtu aliyeifilisi benki ya Monte Carlo, na wimbo huo ukadumu kuliko yeye. Haukuimba yaliyofuata. Alirudi, akaliwa. Ikajulikana pia kwamba alikuwa akiwatapeli watu kwa kuwauzia hisa za uvumbuzi wa uongo, na mwaka 1893 alihukumiwa miaka 8 jela. Ule wimbo uliishia mahali ambapo filamu zote huishia, naye Wells alikuwa bado na miaka mingi ya kuishi.

Anayenisumbua zaidi ni Dostoevsky, mwandishi wa riwaya wa Urusi. Mwaka 1866 alikuwa na madeni, na mchapishaji amembana kwa mkataba mbaya: asipomkabidhi riwaya kabla ya Novemba, haki za vitabu vyake zingekuwa mali ya mchapishaji kwa miaka 9. Akamtamkia riwaya nzima mwandishi wa hati mkato, msichana aitwaye Anna Snitkina, kwa siku 26. Ni riwaya ya mcheza kamari, na sijasoma maandishi yanayoielewa ruleti kwa undani kama yale. Miezi michache baadaye alimwoa Anna. Ungedhani mtu aliyeweza kuueleza ugonjwa wake kwa usahihi namna ile ameshaushinda. Walipokwenda Ulaya mwaka 1867 alicheza mpaka pete zao za ndoa zikawekwa rehani, akaomba msamaha akilia, akacheza tena. Aliacha mwaka 1871.

Ndiyo maana siku hizi nanyamaza nikisikia mtu anasema wacheza kamari hawajui hesabu. Binamu yangu anaijua hesabu ya sifuri ya ruleti kuliko mimi. Yeye ndiye aliyenifundisha. Mwaka 2013 madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, katika mwongozo wao wa magonjwa hayo, waliiondoa kamari kwenye kundi la kushindwa kuzuia misukumo na kuiweka pamoja na pombe na dawa za kulevya. Kuna jambo jingine ambalo hunishangaza kila nikilifikiria: baadhi ya dawa za ugonjwa wa Parkinson, zile zinazofanya kazi kama dopamini, kemikali ya ubongo, zimewafanya watu ambao hawakuwahi kugusa karata waanze kucheza kamari vibaya, na wengi wao tamaa hiyo ilipungua dawa ilipopunguzwa au kusimamishwa. Hapo hadithi ya ujasiri na ukosefu wa adabu inakuwa ngumu kuisimulia.

Binamu yangu hakuacha kwa siku moja. Hakukuwa na usiku wa kuamua, wala muziki. Dada yake alichukua kadi ya benki na namba ya siri. Aliomba afungiwe akaunti zake za kamari, na alipofungua nyingine, aliomba nayo ifungwe. Alianza kwenda kwenye kikundi cha watu walioacha, cha mtindo wa Gamblers Anonymous, ambao walianzia Los Angeles mwaka 1957. Mwanzoni alikuwa anaona wanaongea sana. Alirudi kwenye mchezo, akarudi kwenye kikundi. Shangazi alikuwa akinipigia simu kuuliza, "Yuko salama leo?" na mimi nilijifunza kujibu kuhusu leo tu.

Wanaojua kwamba alikuwa anacheza bado wana swali moja, na linakuja na tabasamu: kubwa kuliko zote uliyowahi kula ilikuwa shilingi ngapi? Anawatajia. Wanapiga mluzi, wengine wanataka kujua aliipataje. Hakuna aliyewahi kumuuliza zile hela zilikaa naye muda gani. Nilimuuliza mimi. Zilikwisha kabla hajatoka kitandani.