Nilivyoizunguka Al Ras kwa Miguu

Wakala wa mizigo aliponiambia kwamba maboksi yangu ya vitambaa yasingefungwa kabla ya Jumamosi, nilijikuta na siku nzima ya bure mjini Dubai. Hiyo ilikuwa safari yangu ya nne, lakini njia niliyoijua ilikuwa moja tu, ya kutoka hotelini Deira hadi kwenye maduka ya jumla na kurudi. Simu haikuwa na bando, kwa hiyo ramani sikuwa nayo. Niliamua kushuka katika kituo kimoja cha metro, Al Ras, na kutembea mizunguko mifupi, kila mmoja ukianzia na kuishia kwenye mlango ule ule.

Kituo hicho kipo kwenye Njia ya Kijani, iliyofunguliwa Septemba 2011, miaka miwili baada ya Njia Nyekundu. Niliongeza salio kwenye kadi ya Nol, ya kulipia nauli, nikapanda behewa la wanawake na watoto, ambalo mwanamume akionekana ndani yake hutozwa faini ya dirhamu 100. Treni hizo hazina dereva, na kwa kweli bado sijazoea kutazama dirisha la mbele nisimwone mtu.

Al Ras ni kituo cha chini ya ardhi, na mtu anayeibuka kutoka chini ya ardhi huwa amepotelewa na pande zote. Kabla sijapiga hatua niliandika nambari ya mlango nyuma ya risiti, kisha nikamuuliza mlinzi swali moja: maji yako upande gani? Akanyoosha mkono. Ule mkono wa bahari unaoukata mji sehemu mbili Waarabu huuita khor, nasi watu wa pwani tuna neno hilo hilo, hori. Tangu hapo, kila nilipochanganyikiwa vichochoroni, niliuliza lilipo hori, wala hakuna aliyeshindwa kunielekeza.

Mzunguko wa kwanza ulinifikisha gatini, ambako majahazi ya mbao yalikuwa yamefungwa ubavu kwa ubavu huku makuli wakipakia matairi na majokofu. Wa pili, wa soko la viungo, ndio ulionichukulia muda mrefu kuliko yote. Muuzaji mmoja aliponisikia nikihesabu dirhamu kwa Kiswahili aliniita, "Mama, karibu! Karafuu ya Zanzibari!" Nilichukua punje moja kwenye gunia lililokaa wazi mlangoni, nikaiminya kichwa kwa ukucha, wala haikutoa hata tone la mafuta. Nikamwonyesha ukucha mkavu. Alicheka, akaingia ndani, akarudi na kopo lenye karafuu nyekundu, nono, na safari hii ukucha uling'aa mafuta. "Mama, wewe huwezi kudanganywa," alisema, ingawa bei hakuipunguza. Nilinunua robo kilo pamoja na ndimu zilizokaushwa, ambazo watu wa Ghuba hutia kwenye mchuzi. Soko la dhahabu nililipita haraka, kwa sababu kutazama kile usichoweza kukinunua kunachosha miguu kuliko kutembea.

Alasiri nilivuka hori kwa abra, mashua ya abiria ambayo nauli yake ni dirhamu moja, anayolipwa nahodha mkononi. Watu hukaa wakipeana migongo kwenye benchi la katikati, nami nilibahatika kupata upande wenye upepo. Ng'ambo, katika mtaa wa zamani wa Shindagha, kuna nyumba ya Sheikh Saeed Al Maktoum iliyojengwa mwaka 1896. Kilichonishika katika nyumba za kale za upande ule kilikuwa dari. Nilitambua boriti za mikoko, sawa na zile za nyumba ya bibi yangu Pangani, ambazo majahazi yalizibeba kutoka pwani yetu kwa karne nyingi kwa sababu Ghuba haina miti ya kujengea. Kwa kuwa chumba hakikuweza kupita urefu wa boriti, vyumba vilikuwa virefu na vyembamba. Nilivipima kwa hatua, mlinzi akinitazama kwa mashaka.

Kurudi nilipanda treni kutoka Al Ghubaiba, kituo cha upande ule, inayopita chini ya hori lile lile nililolivuka kwa mashua na kufika Al Ras baada ya kituo kimoja tu. Kwa kuona nimeshakuwa mwenyeji, nilitoka bila kusoma kibao, na mtaa niliokutana nao juu sikuutambua hata kidogo. Mlinzi hakuwepo, jua lilikuwa limezama, na harufu ya viungo niliyoitegemea ilikuwa imejaa ndani ya mfuko wangu mwenyewe. Nikateremka tena, nikaitafuta ile risiti chini ya karafuu, nikaifuata nambari hadi kwenye mlango wangu wa asubuhi.